Kumtafuta Mtu wa Baiskeli wa Chuma Saba

Niliondoka Dar es Salaam kwenda kumtafuta mtu ambaye kwenye kioo cha televisheni ni mdogo kama punje ya mchele. Yumo katika katuni ya Kijapani yenye jina refu. Sisi tuliokulia Mbozi tuliitazama kwenye vibanda vya video vya Tunduma na tuliiita Chuma Saba, kwa kuwa ina roboti saba wanaovuka anga kutafuta sayari ambayo binadamu wanaweza kuishi. Katika sehemu ya mwisho roboti hao wanatua kwenye sayari isiyo na mtu. Wanakuta jiwe kubwa jeusi lililoanguka kutoka juu, na kando ya jiwe, kwa muda wa pumzi moja, anaonekana mtu mwenye koti refu na kofia, ameegemea baiskeli. Picha inapita. Mtu huyo haonekani tena.

Wajapani wamebishana juu yake tangu katuni ilipotoka. Wako wanaosema ni mzimu wa binadamu wa mwisho. Wako wanaosema baiskeli ni fumbo la wakati, kwamba mwendo wote wa vyombo vya anga unarudi kwenye magurudumu mawili. Nimesoma makala zao zote kwa lugha yao wenyewe, jambo ambalo sijui Mtanzania mwingine aliyelifanya.

Mimi nina stashahada ya uchoraji wa katuni kutoka Japani, na hakuna mjomba aliyenisaidia kuipata. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara mpakani Tunduma, nikaenda Lusaka, kisha nikafika Japani kuosha magari yaliyotumika kwenye bandari moja kabla hayajapakiwa melini kuja huku. Mchana niliosha magari, jioni nilikaa darasani. Mwalimu wangu wa mandhari alikuwa mmoja wa waliochora Chuma Saba. Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake bora, alinifungulia siri za kazi ile.

Mngurumo wa chombo kikuu, unaotetemesha viti, ni mashine ya kukoboa mpunga ya mjomba wa fundi sauti, imepunguzwa mwendo. Maandishi kwenye milango ya gereji ya roboti, ambayo mashabiki walidhani ni lugha ya siri, ni majina ya vyakula vya mgahawa uliokuwa chini ya ofisi yao. Anga ya sayari ya nne ni ya kijani kwa sababu rangi ya buluu iliisha na duka lilikuwa limefungwa. Nahodha ana vidole sita mahali fulani kwa sababu mchoraji alisinzia. Na jiwe la sayari ya mwisho lilichorwa kutoka kwenye picha iliyoletwa na rafiki yake mwalimu, mtafiti wa mawe aliyewahi kuzunguka Afrika. Picha ilipotea, rafiki alifariki, na mwalimu hakukumbuka hata jina la nchi.

Nilisimama darasani. Nilimwambia, "Mwalimu, hilo ni Kimondo cha Mbozi. Ni kwetu."

Miaka ikapita, nikarudi Dar es Salaam na kufungua ofisi yangu ya michoro. Siku moja mwalimu akanipigia simu. Jarida la mashabiki lilikuwa linaandaa toleo la pekee, naye macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka kujua, kabla hajashindwa kusoma, yule mtu wa baiskeli alikuwa nani. Nikajibu kwa haraka, kama ilivyo kawaida yangu, kwamba nitampata.

Alfajiri, Ubungo. Nilifika stendi kabla ya basi lenyewe. Nilikuwa na nakala kubwa ya ile picha, niliyoisafisha mwenyewe kwenye kompyuta, imekunjwa ndani ya bahasha. Kuna jambo moja katika picha hiyo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kwenye usukani wa baiskeli kunaning'inia kitu cha kahawia chenye tone jekundu kwa chini. Wajapani wanasema ni kofia ya rubani yenye taa. Mimi nilikijua siku ya kwanza: kuku aliyefungwa miguu, kichwa chini, kama wanavyobebwa kwetu kwenda sokoni. Nikanyamaza. Kwenye kanda chakavu za Tunduma haonekani kabisa, kwa hiyo kuku huyo ndiye angenionyesha nani mkweli na nani mwongo.

Hadi Morogoro nilikuwa nimemsimulia jirani yangu, mfanyabiashara wa vitenge wa Makambako, habari nzima ya Chuma Saba. Alisikiliza kwa heshima hadi Mikumi.

"Kwa hiyo, kaka," akasema, "siku nzima hii umepanda basi kumfuata mtu wa katuni?"

"Mtu halisi aliyeingia kwenye katuni."

"Na ukimpata unampa nini?"

Nilisema nitampa heshima. Akafunika uso kwa kanga akalala. Mimi sikulala. Iringa nilishuka nikatembea kulizunguka basi, Makambako vilevile, hadi kondakta akaniuliza kama nina mgonjwa ninakokwenda.

Asubuhi iliyofuata, Mlowo. Nilikuwa nimelala nyumba ya wageni bila kumpa taarifa mama yangu aliyeko Iyula, umbali wa kufika kabla chai haijapoa. Alipopata habari alinipigia: "Umevuka mlango wangu kwenda kuangalia jiwe?" Nilimwambia nitapita nikirudi. Sikuweza kukaa. Nilichukua bodaboda hadi Ndolezi, kilipo Kimondo, na njiani nilisimama kwenye saluni kuazima kioo kidogo.

Kimondo kiko palepale kilipokuwa nilipoletwa na shule: kipande cha chuma kilicholala juu ya msingi wake, kimenyooka kama gogo lililochongwa kwa shoka butu, na kwenye ncha yake kuna mkato alioukata mtafiti mmoja zamani. Mlinzi alikuja akiwa na funguo mkononi.

"Umekuja kupiga picha?"

"Picha ninayo," nikasema, nikamwonyesha nusu yenye jiwe, ile nusu nyingine nikiwa nimeikunja.

Akaitazama, akalitazama jiwe, akatikisa kichwa. "Si hili. Mkato wetu uko upande huu. Wako uko upande ule."

Hapo ndipo stashahada inapofanya kazi. Nilikuwa nimeshaona kwamba kwenye katuni mnyororo wa baiskeli uko kushoto, na hakuna baiskeli duniani yenye mnyororo kushoto. Wajapani wameandika kwamba katika sayari ile kila kitu kimegeuzwa. Niliegemeza picha kwenye msingi nikaweka kioo mbele yake. Ndani ya kioo mkato ulihamia mahali pake, na kila kishimo kikakaa kilipo kwenye chuma chenyewe. Waliigeuza picha ili roboti waingie kutokea kulia. Basi.

Mlinzi alichuchumaa akatazama kioo kwa muda mrefu. "Ni hili," akasema. "Na huyo uliyemkunja ni nani?"

"Ndiye ninayemtafuta."

"Wageni wa zamani walikuwa wanamsimamisha yeyote anayepita, ili ukubwa uonekane. Anaweza kuwa mtu yeyote."

Mchana huohuo, Tunduma. Malori yalikuwa yamejipanga barabarani kusubiri kuvuka, na vijana wa kubadilisha fedha walinizunguka wakinisalimia kwa Kibemba, kwa kuwa koti langu liliwafanya wadhani ninatoka ng'ambo ya mpaka. Shemeji yangu Sinkala, mume wa dada yangu, ana banda la video nyuma ya soko. Yeye ndiye mtafsiri: hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwasemea wote, askari, watoto, wanawake na roboti. Chuma Saba ameisemea tangu enzi za deki na kanda zilizopitia Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Hajui neno la Kijapani. Mtu wa baiskeli alimpa sauti nzito ya ofisa wa mpakani, na anapoonekana tu, Sinkala hutamka: "Simameni hapo. Mna stempu?" Banda zima hucheka, miaka yote.

Nilimweleza kazi iliyonileta na nikamwomba aifanye kimyakimya. Kabla sijamaliza wali, alikuwa ameshatangaza kwa spika.

"Mukwai, Jumamosi mchana!" nilimsikia nje, akiwaita kwa neno la heshima la Kibemba. "Chuma Saba, picha safi kutoka Japani kwenyewe, na shemeji yangu mwenye diploma atawaonyesha mtu wa baiskeli ni nani! Mwenye ndugu yake aje aseme!"

Walikuja. Jioni ile na siku iliyofuata kila mwenye babu mwenye baiskeli alikuja. Niliwauliza wote swali moja: kwenye usukani kulikuwa na nini? Mmoja alisema redio. Mwingine alisema kengele mbili. Dereva wa lori alisema dumu la mafuta ya taa, na nilipokataa akasema basi lilikuwa tupu. Nilianza kutembea ndani ya banda kutoka ukuta hadi ukuta. Jumamosi ilikuwa inakuja na nilikuwa nimeshampigia mwalimu kumwambia niko karibu.

Wa mwisho alikuja mtu wa makamo aliyevaa vizuri, akajitambulisha kuwa Yohana, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ruanda, Mbozi. Alitulia kuliko wengine.

"Huyo ni marehemu kaka yangu," alisema. "Alikuwa na koti refu na kofia, na baiskeli nyeusi, ya kwanza kijijini kwetu. Alipigwa picha na Mjapani kwenye Kimondo."

Niliacha kutembea. Hakuna mwingine aliyemtaja Mjapani pamoja na koti. "Kwenye usukani kulikuwa na nini?"

"Taa. Taa ya dainamo."

"Hapana."

Yohana alinitazama, kisha akacheka bila furaha. "Basi nenda kwa mjane wake, mama Foibe. Yeye husema baiskeli ilikuwa yake na picha alipigwa yeye. Amelisema hilo tangu mimi ni mtoto, harusini, msibani, hata kanisani. Watu wanamwita mama Japani. Nenda ukacheke na wewe."

Siku iliyofuata, Ruanda. Nilimkuta mama Foibe uani akianika kahawa, mwanamke mrefu, mgongo umenyooka. Alinitazama viatu kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa diploma?"

"Ndiye mimi."

"Nimesikia. Unatafuta mwanamume mwenye baiskeli. Mwanamume huyo hayupo. Nipo mimi." Akaendelea kusambaza kahawa kwa mikono. "Baiskeli niliinunua kwa maharage yangu. Marehemu alinipa koti tu, kwa sababu ya baridi."

Nilimuuliza Mjapani alitaka nini. Akasema alimwonyesha kwa mikono asimame kando ya jiwe, na baiskeli aiweke pembeni.

"Nikakataa. Nisimame peke yangu, mikono mitupu, kama nimefiwa? Siku zile ukipigwa picha unasimama na kitu chako. Mwenye redio na redio, mwenye cherehani na cherehani. Nilikuwa na baiskeli. Akasema atanitumia picha. Nikangoja. Naona nilingoja mpaka wakanichoka."

Niliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Wasomi wa Kijapani wameandika kurasa na kurasa juu ya fumbo la wakati, na jibu lilikuwa hilo, la mwanamke mwenye maharage. Lakini Yohana naye alijua koti, baiskeli na Mjapani. Nilihitaji zaidi.

"Mama, kwenye usukani kulikuwa na nini?"

Mikono yake ilisimama juu ya kahawa.

"Hakuna kitu."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Hakuna kitu."

Nikasimama. Siwezi kueleza nilivyochukia. Nilimshukuru, nikaenda kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akiningoja barabarani. Pikipiki ilikuwa imeshawaka nilipoona mama Foibe anakuja nyuma yangu, kanga mkononi, akitembea haraka. Akamwambia dereva azime.

"Hicho kitu," alisema kwa sauti ya chini, "kinaonekana sana?"

"Kinaonekana kwa anayejua kutazama."

"Kama ni jogoo, nani mwingine ameshamwona?"

Sikujizuia, nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka. Akaniambia yote pale barabarani. Mpira wa baiskeli ulikuwa umepasuka na hakuwa na cha kununulia kiraka na gundi. Mama mkwe alikuwa na jogoo mwekundu, kipenzi chake. Mama Foibe alimchukua asubuhi, akaikokota baiskeli hadi Ndolezi, kwa sababu Mlowo kila mtu angemtambua jogoo yule. Alimuuza huko. Jioni alimwambia mama mkwe kuwa mwewe amemchukua.

"Alikufa akijua ni mwewe," alisema. "Picha nimeisema miaka yote. Jogoo sijamsema hata kwa marehemu. Yohana ni mtoto wa mama yule."

"Bila jogoo, mama, sina cha kuwaonyesha watu. Watasema ni kaka yake Yohana."

"Najua."

"Jumamosi mchana. Njoo, au usije. Sitasema mpaka useme wewe."

Alirudi kwenye kahawa yake bila kuniaga.

Jumamosi, Tunduma. Banda lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Yohana alikaa mbele na wenzake wa Ruanda. Sikumwona mama Foibe, nikatoka nje, nikaingia, nikatoka tena, hadi Sinkala akasema kwenye kipaza sauti kwamba mwenye diploma anahitaji choo. Roboti saba walikuwa tayari wanashuka kwenye sayari ya mwisho nilipouona mlango ukifunguka. Aliingia mama Foibe, amevaa koti refu la kijivu, limepauka mabegani. Watu wa Ruanda walianza kunong'ona, mmoja akasema, "Mama Japani huyo, kaja kudai picha yake."

Jiwe likatokea. Nilisimamisha picha. Kwa mara ya kwanza watu wa Tunduma walimwona mtu wa baiskeli akiwa wazi: koti, kofia, magurudumu, na kitu cha kahawia chini ya usukani. Sinkala alifungua kinywa kusema habari ya stempu. Mama Foibe alikuwa ameshafika kando yake. Aliunyosha mkono, na shemeji yangu, ambaye hajawahi kumwachia mtu kipaza sauti, akampa.

Alikishika kwa mikono miwili. Akamsemea yule mtu mdogo kwenye kioo.

"Fanya haraka, mgeni. Jua ni kali, na jogoo huyu si wangu."

Watu walicheka, kisha wakaangalia vizuri chini ya usukani, na kicheko kikakatika. Yohana alisimama.

"Si wako, ni wa nani?"

"Wa mama yako."

"Mama alisema mwewe."

"Mimi ndiye niliyemwambia mwewe."

Yohana alisogea akalitazama lile tone jekundu. "Mimi ndiye niliyekuwa nachunga kuku siku ile," alisema. "Nilichapwa kwa ajili ya mwewe huyo. Kwa fimbo ya mti wa kahawa."

"Najua, shemeji. Nilikuwepo."

Nilidhani ataondoka, au atamtukana. Yohana akawageukia watu wa Ruanda.

"Ni yeye," akasema. "Hakuna mwanamke wa kujisingizia jogoo wa mama mkwe mbele ya watu wote hawa ili apate picha." Akakaa, akaongeza kwa hasira, "Na baiskeli ilikuwa yake. Kaka hakujua hata kuendesha."

Kicheko kilichofuata Sinkala anasema kilisikika hadi Nakonde. Baadaye nilikabidhi nakala ile kubwa kwa mama Foibe. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Sura haipo," alisema.

"Walichora ndogo mno, mama."

"Wewe si una diploma?"

Nilikaa mezani kwa Sinkala, nikatoa kalamu zangu, nikamchora sura ya zamani kwa kufuata aliyonayo sasa. Alinirudisha kwenye pua mara kadhaa. Sijawahi kufanya kazi kwa tahadhari namna ile, si kwa mteja wa Dar es Salaam wala kwa mtihani wa Japani.

Siku ya kurudi nilipita Iyula, nikala kwa mama hadi alipotosheka. Nikampigia mwalimu nikamweleza yote: kwamba ni mwanamke, kwamba baiskeli ilikuwepo kwa sababu mtu hasimami mikono mitupu mbele ya kamera, na kwamba kofia ya rubani ni jogoo wa wizi. Alicheka hadi akakohoa. Akasema alipokuwa akitia lile tone jekundu alijiuliza ni nini, lakini lilikuwepo kwenye picha, na yeye alifundishwa kutofuta kitu ambacho hakijui. Nimeondoka na somo hilo. Kwa uchoraji nilikuwa ninalo. Kwa watu nimelipata Ruanda.

Basi liliposimama Mlowo kupakia, nilikuwa dirishani. Ng'ambo ya barabara Yohana alikuwa akipanda baiskeli kuelekea kwao, na kwenye usukani alining'inia jogoo mkubwa mwekundu, kichwa chini, akipiga mabawa. Nyuma yake, sokoni, mbele ya muuza kuku, mama Foibe alikuwa anafunga pochi. Nilimtazama Yohana mpaka alipokunja kona. Mnyororo ulikuwa upande wa kulia.